Uso Nusu Kijani, Nusu Kahawia

Buazza rafiki yangu, usicheke.

Haj Thami amekuja leo. Leo, si kesho. Huyo ndiye kaka wa Lala Zhor, niliyemwomba aje kesho tuzungumze habari ya kumposa dada yake, na amebisha hodi nikiwa nimejipaka barakoa ya udongo usoni.

Tena mbili. Duka la vipodozi la mjini lilinipa vipakiti viwili vya bure vya kujaribu, nami nikataka kulinganisha sawasawa, kama tulivyofundishwa shule ya usiku. Upande wa kulia nikapaka ghasuli, ule udongo wetu wa kahawia wa milimani, wa kushoto udongo wa kijani wa Wafaransa.

Nilidhani ni wewe. Nikafungua mlango hivyo hivyo.

Akanitazama, kisha akauliza, "Bwana Maati, unaumwa au unakwenda harusini?"

Nilitaka kumjibu, lakini udongo ulikuwa umekauka hadi midomoni, kinywa hakifunguki. Nina miaka sabini na mmoja, Buazza, nikabaki natikisa kichwa kama kondoo.

Hakuingia. Hata chai hakunywa. Alisema tu, "Nitamweleza dada yangu nilichokiona."

"Nilichokiona!" Tangu hapo natembea kutoka jikoni hadi mlangoni.

Sasa hivi Lala Zhor ameniandikia mwenyewe. Posa hakuitaja. Anauliza ni shavu lipi limelainika zaidi.

Nimeyashika yote mawili mara ishirini na sioni tofauti. Nimjibu nini?