Nani Atanikorogea Uji

Munyaka, Eldoret

Mama mpendwa,

Natumaini kifua cha baba kimetulia na yule ng'ombe mweusi amezaa salama. Sisi huku ni wazima, hasa mimi, na ndiyo sababu ninaandika haraka: usimtume kaka kuja kunirudisha nyumbani. Ni kweli nilishikwa na homa ya mapafu, lakini sikia yaliyofuata.

Kimutai wangu, ambaye hata akivaa ovaroli ya kiwandani napata kizunguzungu kisicho cha homa, alinifunika kwa koti lake la harusi. Shida ilikuwa mchana. Akienda kazini nilibaki nikitazama ukuta, chakula kikipoa, vidonge nikivisahau. Nilikonda hadi pete ikawa inaanguka. Kimutai akamwambia jirani yetu, Mama Njoki. Mama Njoki akaambia ploti nzima, wapangaji wote.

Kesho yake chumba kilijaa. Wanawake wa kanisani waliketi kitandani, wengine juu ya miguu yangu. Mama mkwe akafika kutoka Chepsaita na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kuchachusha, na unga wa wimbi. Mama Njoki akanisimamia. "Meza. Sasa fungua mdomo nione."

Jumamosi naibu wa chifu alipita, akaona viatu vimejaa mlangoni. Akaingia, kofia mkononi.

"Mkutano huu una leseni?"

"Si mkutano, chifu," akasema Mama Njoki. "Ni mgonjwa."

"Na mwenyekiti ni nani?"

Mama mkwe, ambaye hakumjua, akainua macho kutoka kwenye jiko. "Wewe kijana, umekuja kuona mgonjwa au kusimama? Shika mwiko. Uji unashika chini."

Mama, alikoroga. Kofia alimpa Kimutai amshikie.

"Polepole," mama mkwe akamwambia. "Kwenu hawapiki?"

Nilicheka hadi makohozi yakatoka, kisha nikamaliza vikombe viwili. Tangu niugue sikuwa nimemaliza hata kimoja. Naibu wa chifu akaonja, akaomba sukari.

Juzi daktari alisikiliza mapafu yangu, akamwuliza Kimutai tuliongeza dawa gani. Kimutai akatazama chini kwa ile haya yake ninayoipenda. "Watu tu," akasema.

Siku ya harusi uliniuliza, huku ukilia, nani atanikorogea uji nikiugua huku mbali. Mama, Serikali ilikoroga.

Msalimie baba, na shangazi aliyesema watu wa huku hawajui uji. Kaka mwambie afungue mzigo. Kama lazima aje, alete ndizi, na ajiandae kushika mwiko.

Ni mimi binti yako, ambaye pete sasa haitoki kidoleni,

Wanjiru