Sotet Iliyopasuka Kilifi

Kilifi, Jumatano

Mama Kibet,

Chamgei. Natumaini goti limetulia na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Mvua imefika Kimulot? Huku ni jua tu; shati hukauka kabla sijamaliza kulianika. Mimi ni mzima, ila pua imebambuka ngozi.

Naandika kwa sababu kila nikitaja jina la Akinyi kwenye simu, mtandao wako hupotea ghafla. Barua haina mtandao. Isome mpaka mwisho. Nampa jirani yetu wa Litein tuliyekutana naye hapa, anarudi leo.

Safari yetu inaisha. Kesho tunamrudishia mwenyewe gari hili la kulala, lenye vitanda viwili na jiko dogo nyuma. Wiki mbili hizi mwanetu na mkewe wamelala ndani, mimi nje kwenye hema. Siku ya kwanza Kibet alinicheka: "Mzee, kuna kitanda kizima hapa, unaogopa nini?" Ni Akinyi aliyemjibu: "Baba mkwe halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe. Hata kwetu ziwani ni hivyo. Shika kamba, wacha maneno." Wakasimamisha hema. Nakueleza kwa sababu ulisema hajui mila.

Sasa nikiri kosa langu. Ile sotet uliyonipa, kibuyu kilichojaa mursik, maziwa lala yetu, nilitaka tuifungue mwisho wa safari. Nikiogopa maziwa yasimwagike njiani, nilikaza kifuniko kwa mpira wa tyubu, nikakiweka kibuyu kabatini garini. Najua unajua, lakini mwalimu hastaafu kueleza: mursik hupumua. Baridi ya kwetu huituliza. Joto la huku huichemsha bila moto. Nilifundisha sayansi miaka yote ile, nikasahau.

Jana mchana tulikuwa tunafagia mchanga garini tukasikia mlio mkubwa. Kibet aliruka nje akipiga kelele, "Mtungi wa gesi!" Haukuwa mtungi. Maziwa, ya kijivu kwa yale masizi unayopaka ndani ya kibuyu, yalikuwa kwenye dari, kwenye magodoro, na kwenye nywele ambazo Akinyi alikuwa amesuka juzi. Sotet yako imepasuka ubavuni, kutoka shingoni hadi chini.

Kibet alicheka hadi akakaa chini. Nami nilianza kucheka, kisha nikamwona Akinyi. Alikuwa amekikumbatia kibuyu, analia.

"Baba, Mama atasema ni mimi."

"Wewe hata hukuigusa."

"Atasema tu. Tangu siku ile nilipoomba sukari."

Unaikumbuka siku hiyo, alipokuja mara ya kwanza akaomba sukari atie kwenye mursik. Ulisema kwa Kipsigis kwamba huyu arudishwe ziwani na sukari yake, nami nikacheka, tukidhani haelewi. Mama Kibet, jana aliyarudia maneno yako, neno kwa neno, kwa Kipsigis safi kuliko cha Kibet. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa majani chai, huko kwetu, akacheza na watoto wa Kipsigis. Lakini kwao ziwani maziwa lala hunywewa na sukari. Hakuwa na dharau.

"Mbona ulinyamaza miaka miwili?" nikamuuliza.

"Ningesema nini, Baba? Nilikuwa mgeni."

Kibet alijua kwamba mkewe anaelewa, akaogopa kutuaibisha. Huyo huyo ndiye aliyesema, "Tununue nyingine Litein, tuipake masizi. Mama hatajua." Akinyi akakataa. Alisema atakuletea hii hii mwenyewe, na kama inashonekana, umwonyeshe jinsi ya kuishona. Kisha akachukua ndoo, akaanza kuosha dari. Nilimshikia ndoo.

Msalimie dada yangu mkubwa, na yule jirani anayetukamulia, na mzee wa kanisa anayeniwekea kiti.

Tutafika Jumamosi kwa basi. Sotet niliivunja mimi. Unikaripie vile unavyotaka, nitasikiliza. Lakini kabla hujaanza, mkaribishe Akinyi ndani, tukae naye sisi wawili. Tuna msamaha wa kuomba, na tafadhali, tuuombe kwa Kipsigis.

Ni mimi mzee wako, mwenye pua nyekundu,

Baba Kibet