Ngazi Inayotazama kwa Bi Rukia

Jumatatu, 3 Novemba
Nimefua, nimepika, nimegombana na mume wangu. Ngazi tena. Athumani anataka ya saruji, iliyonyooka. Ikijengwa hiyo, uani patabaki pa kusimama kuku. Mimi nataka ya chuma, ya kuzunguka, inayokaa pembeni. Binti yetu Salma na mumewe wanahamia ghorofani mwisho wa mwezi. Watapanda kwa kamba? Athumani amekubali, kwa kununa.

Jumatano, 5 Novemba
Fundi Mutua kapima. Kaegemeza ngazi ya mbao, kapanda, kashuka, kapanda tena. Tumechagua pembe iliyo karibu na kilango cha ukutani, kinachotutenga na jirani yangu Bi Rukia. Hapo ndipo alipopitia kuja kunikanda nilipomzaa Salma.
Jioni nimempelekea mahamri. Kilango kimefungwa komeo, upande wake. Nimebisha. Hakufungua, na redio yake naisikia.

Ijumaa, 7 Novemba
Komeo bado. Nimemkuta dukani, nikamwamkia. "Marahaba." Basi. Hata Salma hakumuuliza.
Kijicho. Tumeinua ghorofa, roho inamuuma. Sikumtarajia yeye. Nimelia jikoni, kisha nikakasirika kwa kulia.

Jumamosi, 8 Novemba
Bi Rukia katundika leso ukuta mzima. Leso kavu, hazijafuliwa! Hataki hata kuiona nyumba yangu. Athumani asema nimpuuze. Siwezi.

Jumatatu, 10 Novemba
Nguzo imesimama, vidato vimefika karibu na juu. Nimepanda kujaribu. Nilipoupita ukuta, ngazi ikanizungusha, uso wote kwa Bi Rukia. Leso hazifiki huko. Yuko mkekani, kichwa wazi, anachana nywele. Nyeupe zote. Kaniona. Akajifunika upesi.
Mimi ni mwanamke. Mume wa Salma je, kila jioni? Na Mutua, siku ile ya kupima, alisimama papa hapa.
Nami nikaita kijicho. Nimeona haya.

Jumanne, 11 Novemba
Nimetaka ngazi izungukie upande wa pili. Mtu akiupita ukuta, awe amempa Bi Rukia mgongo. Mutua kashika kiuno. "Mama, si tushachomelea? Kugeuza ni kukata vidato vyote!" Athumani kafoka, asema tuweke bati juu ya ukuta. Bati litamzibia upepo, uani kwake pawe tanuri.
Nimekaa kwenye kidato cha kwanza. Nikasema siondoki mpaka wakubali. Chakula cha mchana hakikupikwa. Alasiri wamekubali.

Ijumaa, 14 Novemba
Wamekata. Athumani hasemi nami. Salma kanikatia simu. Ameshaaga kwenye nyumba ya kupanga. Sina wa kuzungumza naye.
Nimeenda kilangoni. "Shikamoo, mama. Ngazi naigeuza." Komeo halikuvutwa. Naogopa nimechelewa.

Jumatano, 19 Novemba
Ngazi imekwisha jana. Nimepanda mpaka juu. Naona barabara na paa la msikiti.

Alhamisi, 20 Novemba
Leso zimeanuliwa. Athumani kaenda kazini. Nilikuwa napepeta mchele, nikasikia komeo likivutwa.
Bi Rukia kaingia na kigoda, kitana na chupa ya mafuta ya nazi. Ngazi hakuitazama. Kaweka kigoda mbele yangu, akakaa, akanipa mgongo, akavua mtandio.
"Salma yu hali gani?"
Nikasema hajambo. Nikaanza kumchana.