Vitenge Vyeusi vya Kabatini

Advera,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Baba yako anywe dawa ya presha kabla ya kula, hata akinuna.

Nimekwenda sokoni, mtaa wa Ng'ambo, kununua uzi. ~~Nitarudi na bodaboda.~~ Nitarudi kwa miguu. Matibabu ya saratani yamekwisha, na daktari amesema nifanye mazoezi.

Asubuhi nilipokuuliza vile vitenge vyeusi vya sare ni vya msiba wa nani, ulilia. Sijakasirika, mwanangu. Niliumwa kweli, mkajiandaa.

Ila kitambaa kizuri hakiwekwi kabatini kumngoja mtu afe. Nimeshavikata, naviunga kwenye lile blanketi la viraka nililoliacha nilipolazwa. Vinapendeza kando ya vyekundu.

Siku nikifa kweli, mtanunua vingine.

Mama yenu