Vitambaa Vyekundu Mlimani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kumlaani aliyezijenga. Mimi ni mzima wa mwili. Ya rohoni utayasoma humu.

Barua yako nimeipata. Unasema mdogo wangu amerudi nyumbani, analala mpaka saa nne asubuhi na hataki hata kushika penseli, nawe unaniomba mimi dada yake nimtie moyo. Kabla ya hapo, kuna jambo inabidi ulijue.

Unajua ofisi yetu, mimi na mdogo wangu, inachora nyumba za milimani, na mwenye ofisi ana sharti moja tu, kwamba nyumba isiuharibu mlima. Kabla ya kujenga tunasimika nguzo kiwanjani na kufunga vitambaa vyekundu pale paa litakapofikia, kisha tunashuka barabarani na mteja kutazama kutoka chini. Vitambaa vikichomoza juu ya ukingo wa mlima, ramani inakataliwa hapo hapo.

Safari hii mteja alitaka kuchagua kati ya ramani mbili, yangu na ya mdogo wangu. Mimi nilichora wiki tatu mezani. Yeye alikwenda kukaa mlimani siku nne na chupa ya chai, akarudi na mawe mfukoni. Mafundi wakambandika jina la Kinyonga, nami nikacheka kuliko wote. Halafu akaitandaza ramani yake. Nyumba imejikunja nyuma ya mwamba, kuta ni za mawe ya palepale, paa limeoteshwa nyasi, na mti mmoja mkongwe umeachwa upite katikati ya baraza. Mwenye ofisi alivua miwani, akaiinamia ramani. Miaka kumi na mmoja nipo pale, Mama, hajawahi kuivua kwa ajili yangu.

Nilimwonea wivu. Nikakumbuka ulivyokuwa ukibandika michoro yake ukutani, na yangu ukiitandika kwenye kabati la vyombo. Huenda wewe umesahau. Mimi sijasahau.

Siku ya mteja, vitambaa vyangu havikuonekana. Vyake vilikuwa vinapepea juu ya ukingo kama nguo zilizoanikwa. Mdogo wangu aliomba radhi mbele ya watu, akasema amekosea kupima. Mteja akaichukua ramani yangu, na kesho yake Kinyonga akafungasha.

Hakukosea kupima, Mama. Asubuhi ile nilitangulia mlimani peke yangu, nikafungua mafundo ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuyafunga, nikavipandisha vitambaa vyake mpaka ncha za nguzo. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyo ni mimi.

Jana nilimweleza mwenye ofisi yote. Amenisimamisha kazi, akampigia mteja simu. Kisha nikapanda kiwanjani, nikavirudisha vitambaa pale alipovifunga yeye, nikashuka barabarani. Nimeangalia mpaka shingo ikaniuma.

Tafadhali msomee barua hii yote, hata panaponiaibisha. Mwambie anasubiriwa ofisini Jumatatu. Usimwambie kwamba nimefurahi, maana wivu bado ninao na sitaki kumdanganya tena. Mwambie tu nilisimama pale aliposimama mteja, nikaitafuta nyumba yake, nikaikosa.

Wasalimie majirani wote, na hilo goti usilichoshe.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.