Nilimwambia Baba Wamenikataa

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana jambo lenyewe hata mimi nikilisema peke yangu chumbani nasikia aibu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, sijaolewa, naishi na mama yangu, na nafanya kazi kwenye duka la rangi za nyumba, mimi ndiye ninayechanganya rangi mteja akishasema anachotaka. Pale dukani wenzangu wananiita Redio, kwa sababu mteja akishatoka tu naweza kumwigiza vile alivyosimama, alivyobisha, alivyokohoa kabla ya kusema atarudi kesho, mpaka wenzangu wanavunjika mbavu na bosi anajifungia ofisini asionekane anacheka na sisi. Baba yangu alikuwa fundi wa makochi, karakana yake ilikuwa uani kwetu, na ndiye aliyekuwa mtazamaji wangu tangu nikiwa mdogo, nilikuwa napanda juu ya magodoro yake ya sponji naigiza walimu wangu mmoja mmoja, yeye ana misumari mdomoni anacheka puani asije akaimeza. Ndiye aliyesema huyu mtoto ni mwigizaji. Na ndiye aliyekata tangazo gazetini la kundi moja la maigizo lililokuwa linatafuta waigizaji wapya, akalibandika kwenye kioo ninapochania nywele.

Siku ya usaili alifunga kazi akanisindikiza, amevaa shati alilopigiwa pasi na mama. Pengine hujawahi kufika kwenye kumbi zile, kwa hiyo nikueleze. Kuna mama mmoja mezani ana daftari kubwa, anaandika jina lako, anakupa namba unabandika kifuani, unakwenda kukaa koridoni na wenzako, namba yako ikiitwa unaingia chumbani, kuna watu watatu nyuma ya meza, unaigiza, unatoka. Wasindikizaji hawaruhusiwi koridoni, wanabaki nje kwenye benchi. Mimi nilikuwa namba kumi na nne. Walipoita kumi na mbili maneno niliyoyakariri wiki mbili nzima yakafutika yote, nikawa najiuliza nani amenidanganya mimi kwamba naweza, walipoita kumi na tatu nikanyanyuka nikaenda chooni, na kule chooni kuna mlango wa nyuma unaotokea uchochoroni, nikatoka nao. Nikasimama kule mpaka nikaona muda umetosha, nikazunguka nikatokea mbele, nikamwambia baba wamenikataa.

Nilikusudia kumwambia nimeogopa, lakini nilipomwona anavyonitazama, neno likatoka lenyewe. Akauliza, "Wamesemaje?" Nikasema wamesema sauti yangu nyembamba. Akanikumbatia pale pale barabarani, baba yangu ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia watu, akasema, "Hao hawana masikio. Tutarudi."

Tukarudi, mshauri. Tulirudi mara tano zaidi katika miaka mitatu, na mara zote ikawa hivyo hivyo, kuandikwa, namba, korido, choo, uchochoro, na kila mara nikawa na uongo mpya, mara wamesema mimi mfupi, mara mwongozaji alikuwa anaongea na simu wakati naigiza, mara walicheka mahali ambapo hapachekeshi. Nilikuwa nalia, na machozi yalikuwa ya kweli, ila sababu niliyoisema ndiyo ilikuwa ya uongo. Tukifika nyumbani baba anamweleza mama yote, na mama anazidi kuwachukia wale watu ambao hata hawajui kama mimi nimezaliwa.

Baba alifariki miezi minne iliyopita, moyo ulimsimama akiwa karakanani anavuta kitambaa cha kochi la mteja. Tangu siku ile mama anasema wale watu wa maigizo ndio waliomla mume wake kidogo kidogo kwa kumdharaulia mtoto. Siku ya tatu ya msiba yule mama wa daftari akaja kutupa pole, kwa sababu alikuwa amemzoea baba, baba alikuwa amewatengenezea lile benchi lao la nje bila kuombwa na mtu. Mama alipojua anatokea wapi akamwambia mbele ya watu wote, "Mmemdhalilisha mwanangu miaka mitatu, baba yake ameondoka na donge rohoni, na leo umekuja kukaa kwenye kiti chake?" Yule mama aliniangalia mimi. Na mimi nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, nikainamisha kichwa, nikahesabu vikombe.

Nilimfuata getini kumwomba radhi. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Akaniambia, "Mwanangu, baba yako alikuja kwangu peke yake baada ya ile mara yenu ya pili. Alikuja amevimba, anataka aonyeshwe huyo aliyesema una sauti nyembamba. Nikamfungulia daftari. Jina lako lipo mara zote mbili, na mbele yake nimeandika, hakuingia." Nikamuuliza baba alisemaje. Akasema aliomba maji, akanywa, ndipo akasema, "Basi usimwambie kwamba nimejua. Mimi nitaendelea kumleta."

Mshauri, baada ya hapo alinileta mara nne. Mara nne alikaa kwenye lile benchi anajua kabisa natokea wapi, mara nne akaniuliza wamesemaje, na mara nne akanisikiliza mpaka mwisho.

Sasa usaili mwingine ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na yule mama ameniambia jina langu ameshaliandika, nikitaka alifute nimtumie ujumbe. Mama yangu ameapa kwamba nikikanyaga kule tena nisimwite mama. Nikimwambia ukweli nitakuwa nimemwondolea watu wa kuwachukia, na atakayebaki kuchukiwa ni mimi, na nyumba yenyewe sasa ni mimi na yeye tu. Nikinyamaza nashindwa kula naye meza moja. Kuna siku nasema bora niachane na kuigiza, nibaki na rangi zangu, maana kama nilishindwa baba akiwa pale nje, nitaweza vipi naye hayupo, na labda sina kipaji chochote, labda wale wenzangu dukani wanacheka kwa kuwa wamechoka na kazi. Nifanyeje? Nimwambie mama? Niende? Na nikuulize hili ambalo sijamuuliza mtu, mimi ndiye niliyemuua baba?

Namba Kumi na Nne

*

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mpaka jirani yangu wa meza akaniuliza kama nimepigiwa simu mbaya kutoka nyumbani. Mara ya pili nikakasirika. Kwa hiyo pokea vyote viwili, pole na karipio, na usichague kimoja.

Nianze na hilo ulilolificha chini kabisa. Hukumuua baba yako. Mimi si daktari, lakini naweza kusoma ulichoandika: mzee alijua kila kitu tangu mwanzo mwanzo, akaamua mwenyewe, kwa akili zake timamu, kufunga kazi na kukusindikiza. Huyo si mtu aliyekuwa anakufa kwa kudanganywa. Alikuwa baba anafanya anachotaka kufanya na binti yake, usimnyang'anye hilo kwa kujifanya muuaji.

Ila ulimdanganya, na hilo sitakupunguzia. Wewe unadhani alikuwa anakusubiri uingie mle chumbani. Mimi sidhani. Mtu aliyetaka uingie angekushika mkono, angekufokea, angekwambia najua unapopitia. Yeye alikuwa anauliza tu, wamesemaje, na ananyamaza kukupa nafasi. Alikuwa anasubiri umwambie, baba, naogopa. Maneno mawili. Ungemwambia, mngekaa wote wawili kwenye lile benchi na woga wenu, maana na yeye alikuwa na wake, wa kukuumbua. Sasa hayupo na huwezi tena kumwambia. Lia kwa hilo, ndilo la kuliliwa, na usitafute jingine kubwa zaidi.

Tuje kwenye woga. Unaniandikia kama mtu aliyekataliwa mara sita. Wewe hujakataliwa hata mara moja. Watu watatu nyuma ya meza hawaijui sura yako, na nyumbani kwenu wanalaaniwa kila mlo. Unauliza kama una kipaji. Sijui. Wenzako dukani hawajui, na baba yako naye hakujua, alikupenda tu, na mtu anayekupenda hawezi kukupimia. Wala usije ukajifariji kwamba miaka mitatu ulimwigizia mzee vizuri hivyo basi wewe ni mwigizaji, nimeona unavyolizungukazunguka hilo na hayo machozi yako ya kweli na sababu ya uongo. Hakudanganyika, binti. Kwa hiyo hata huo si ushahidi. Hujui, na umepanga maisha yako yote usije ukajua, kwa sababu asiyeingia hawezi kuambiwa hafai. Hapo ndipo ugonjwa wako ulipo, na nakuambia kwa upole kwamba una wenzako wengi sana, barua zao ziko hapa mezani kwangu, waimbaji, washonaji, hata bwana mmoja anayetaka kuchumbia tangu mwaka juzi.

Sasa sikiliza cha kufanya.

Mama yako mwambie leo. Usingoje hiyo Jumamosi, usimwandikie barua kama hii, na usimtume shangazi. Mkishamaliza kula, zima televisheni, kaa karibu naye na uanze na sentensi moja: "Mama, sikuingia hata mara moja." Usianze na woga wako, atakuhurumia kabla hajaelewa, na huko ndiko kumwigizia. Ukishamaliza yako, mwambie na la baba. Najua unataka kulibakiza, kwa sababu mumewe alikuwa anamletea habari ambazo alijua si za kweli, na hilo litamuuma kuliko lako. Mwambie hivyo hivyo. Mama wa daftari analijua, wewe unalijua, na sasa mimi nalijua na msomaji wangu analijua, haiwezekani mjane awe wa mwisho. Atakasirika. Pengine atakunyamazia wiki mbili, pengine atasema neno ambalo hutalisahau. Usijitetee. Pika, fua, mwamkie kila asubuhi hata asipoitikia. Amekuwa akimlilia mume aliyeuawa na watu, mpe nafasi amlilie mume aliyekuwa naye.

Halafu yule mama wa daftari. Aliaibishwa mbele ya watu, na wewe umemwomba radhi getini ambapo hakuna anayesikia. Haitoshi. Waliokuwepo siku ile ni ndugu zako na majirani zako, unawajua. Pita kwao uwaambie yule mama hakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Utaona aibu sana. Yeye naye aliona, tena alikuwa mgeni.

Na huko kwenye usaili utakwenda. Mtumie ujumbe yule mama leo hii, mwambie asilifute jina lako, na umwombe akupe namba moja. Usikubali nne, usikubali tano, wewe ukikaa koridoni unaoza. Chooni nenda ukiwa bado nyumbani. Ukikaa, mgeukie aliye jirani yako, yeyote, umwambie, "Naogopa," uone kama hatakujibu na yeye anaogopa. Ukifika mbele ya ile meza na maneno yakafutika, sema nimesahau, naomba nianze tena, watu wazima husema hivyo kila siku na hawafi. Wakikuambia hufai, uliza ni wapi, andika wanachosema, ushukuru. Wakikuambia njoo, usiniandikie kunishukuru mimi.

Mama yako akisema atakusindikiza, mwache aje. Akisema usimwite mama, nenda na hilo neno lake moyoni na umwite mama ukirudi. Pengine utakwenda peke yako, na hakuna maneno ninayoweza kukuandikia hapa ya kukufanya usimtafute baba yako kwa macho pale nje. Hutamwona. Utaogopa kuliko mara zote sita. Ingia hivyo hivyo.

Mshauri wako