Sketi Niliyomwambia Ewoi Aikate

Lodwar, Jumapili, baada ya ibada

Mwanangu Erupe,

Ewoi ameondoka hapa sasa hivi. Kikombe chake bado kiko mezani, sijakiosha. Nimeona nikuandikie kwanza, kwa sababu nikianza kazi nyingine nitasahau namna alivyoyasema maneno, na nataka uyapate kama yalivyo.

Mimi ni mzima. Goti linanisumbua nikiinama jikoni, lakini hilo unalijua. Dada yako amehamia Kalokol na mumewe, ananiletea samaki mkavu mpaka nyumba yote inanuka ziwa. Kitanda chako nimekisogeza karibu na dirisha. Nikikitandika bado nakuona ulivyokuwa ukilala, miguu imetokeza nje ya neti, na asubuhi unalalamika mbu wa Lodwar wana chuki na polisi.

Simu yako ya mchana ndiyo ninayoikosa zaidi. "Mama, leo umepika nini? Hapana, usiniambie, nitalia." Halafu unaniambia mmekula maharagwe tena huko Kakuma, na mimi nacheka, na chakula changu kinaungua. Siku hizi chakula hakiungui.

Nataka kukueleza habari za Ewoi. Tangu tulipokuzika alikuwa hanikaribii. Mtu mliyemaliza naye chuo, mkapangiwa kituo kimoja, aliyekula kwangu kila likizo mpaka nikawa namkemea kama wewe. Akipita Lodwar alikuwa ananitumia sukari kwa mkono wa mtu mwingine. Tukikutana sokoni ananisalimu kutoka ng'ambo ya barabara, "Ejok, mama," na kabla sijajibu amekwisha geuka.

Nilijua ni kwa nini. Gari lenu lilipopasuka tairi mkija huku, likapinduka ukingoni mwa laga, ule mto mkavu, chuma kilikukata pajani, juu kabisa, karibu na kinena. Suruali yako iliraruka yote. Wenzako wakakufunika shuka, kwa sababu mwanamume mzima haachwi hivyo barabarani watu wakimtazama. Walikupa heshima. Ilikuwa shuka nyekundu ya miraba, na kwenye nyekundu damu haijionyeshi. Wakasimamisha gari lililokuwa likipita, wakakupakia, na Ewoi akakaa nyuma pamoja nawe. Alikushika kichwa njia nzima. Alikuzuilia jua kwa kofia yake. Aliniambia mwenyewe hospitalini, "Mama, nilimshika kichwa, sikukiachilia hata kidogo."

Kichwa chako hakikuwa na jeraha.

Daktari alinieleza baadaye, polepole, kwamba kama mkono wa mtu ungekandamiza pale pajani, huenda ungefika ukiwa hai. Alisema huenda. Nadhani mtu fulani alimweleza Ewoi neno hilohilo, na huenda hilo ndilo lililomfukuza kwangu.

Sasa sikiliza. Mwaka huu wameanza kuwafundisha polisi huduma ya kwanza, hapa Lodwar, kwa makundi. Kundi la Kakuma lilipokuja, mimi nilipewa kazi ya kuwapikia. Mwalimu wao ni Bahati, muuguzi Mkongomani anayeishi Kalobeyei, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Ewoi alikuwa kwenye kundi. Aliponiona na birika alichukua chai yake akaenda kuinywa nje, juani, na unajua jua la huku lilivyo.

Ungewaona wenzako, Erupe. Walipaswa kulala chini kwa zamu, mmoja awe majeruhi na mwingine amhudumie. Mmoja alikuwa anatekenywa na bandeji, anapiga kelele. Mwingine alikuwa amelala kama aliyepigwa risasi huku anajibu simu. "Wee, wacha simu, wewe umezimia!" "Nimezimia lakini ni bibi anapiga." Hata mimi nilicheka nikamwaga chai. Bahati akashika kiuno. "Bandugu, ni mugonjwa gani huyu anacheka? Barabarani hakuna mutu atawachekea."

Damu yao ya mazoezi nayo ilikuwa maji ya rangi tu, inatiririka kama juisi. Nikamwambia mwalimu aniachie. Niliipika na unga kidogo mpaka ikawa nzito. Niliipika vizuri, mwanangu, huku nimeuma midomo.

Siku iliyofuata Bahati akasema amechoka na majeruhi wa kiume. Akawauliza, mkimkuta mwanamke ameumia njiani mnafanya nini? Wakatazamana. Mmoja akasema, "Tunamfunika, tunatafuta mwanamke mwingine amwangalie." Na asipopatikana? Ndipo nikaweka birika chini nikasema mimi nitalala. Nilikwenda nyuma nikavaa ile suruali yako ya mazoezi, ya buluu, uliyoiacha hapa. Nikaikunja miguu, maana ulikuwa mrefu. Juu yake nikavaa sketi kuukuu, nikarudi nikajilaza kwenye mkeka. Bahati akanimwagia damu niliyoipika mwenyewe, pajani, juu, kisha akatazama nani amejificha nyuma ya wenzake. Hakujua lolote. Akamwita Ewoi.

Alikuja akapiga magoti. Hakunitazama usoni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuta leso yangu kutoka begani na kunifunika miguu nayo, vizuri, akaipanga na pembe zake.

"Juu ya nini unamufunika?" Bahati akauliza. "Damu utaiona namna gani?"

"Huyu ni mama," Ewoi akasema.

"Ndiyo, ni mama. Na anakufa."

Wenzako wote walikuwa wanajua mimi ni nani. Ewoi akaweka mkasi sakafuni, akaanza kuinuka, na mimi nikaona kabisa kwamba akitoka kwenye mlango ule hatarudi. Si kwenye mafunzo tu. Hatarudi kwangu, na pengine hatashika tena mtu yeyote aliyeumia maisha yake yote. Nikamkamata mkono wa shati. Nikamwambia kwa Kiturkana, ili Bahati asisikie, "Ewoi, kata. Sketi ni kuukuu, na ndani nimevaa suruali ya ndugu yako. Hutaona kitu cha kukuaibisha. Kata."

Kisha akachukua mkasi.

Alikata kutoka pindoni hadi juu, kwa haraka, nikawa naogopa atanikata kweli. Akaifungua. Akatafuta kwa vidole mahali damu inapotokea. Akasukuma kitambaa pale, akaweka viganja viwili juu yake, akanyoosha mikono, akakandamiza kwa uzito wake wote. Iliniuma, Erupe. Iliniuma mpaka machozi yakanitoka, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri kwa kuandika. Nilikuwa nasema moyoni, hapo hapo. Hapo ndipo. Usitoe.

Naye alikuwa ananisemesha, kama walivyofundishwa. "Mama, niangalie. Mama, usilale. Tuko njiani, mama." Jasho na machozi vikimdondoka pamoja. Bahati akamwambia inatosha, sasa anaweza kuachilia. Hakuachilia. Akamwambia tena, kwa sauti ya chini. Nikamshika mkono nikamwambia mimi niko hapa, sijaenda popote. Ndipo akatoa.

Wale wanaume walikuwa wanatazama viatu vyao. Kisha yule wa simu akasema, "Mama, na chai sasa tutanywa saa ngapi?" na watu wakacheka, na mimi nikainuka nikaenda kuipakua nikiwa na sketi iliyopasuliwa. Ewoi alikunywa chai yake ndani siku hiyo.

Walirudi Kakuma. Sikusikia kitu. Nikasema, basi, angalau alijaribu.

Leo natoka kanisani nikamkuta amesimama mlangoni, na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuposa. Nikamwambia aingie, mlango wa nyumba hii haujabadilika. Akakaa kwenye kiti chako. Nilitaka kumwambia kwamba hicho ni chako, halafu nikammiminia chai.

Akanieleza. Walikuwa kwenye doria kati ya Kakuma na Kalobeyei, wakakuta watu wamekusanyika. Pikipiki ilikuwa imemkwepa punda ikaanguka, na abiria alikuwa mwanamke wa Sudan Kusini, mfanyabiashara wa pale kambini. Alikuwa amelala kimya. Watu walikuwa wamemfunika kitenge kutoka kiunoni hadi miguuni, na wanaume wote wamegeuza nyuso, kwa adabu. Kitenge kilikuwa na maua mekundu.

"Mama," akaniambia, "nilikiona kile kitenge nikajua."

Alikitoa. Alisema "samahani dada," akakata nguo. Jeraha lilikuwa pajani, upande wa ndani. Kisha shemeji ya yule mwanamke akaja mbio akipiga kelele, "Wee askari, unafanya nini na mke wa ndugu yangu!" Ewoi anasema alikuwa amekandamiza kwa mikono miwili, hakuweza hata kugeuka. Akamwambia, "Shemeji, nikasirikie baadaye. Sasa hivi shika miguu yake, inua." Na yule mtu, Mungu ambariki, akapiga magoti akainua.

Alikandamiza pale barabarani, akakandamiza garini, wakaingia naye hospitalini Kakuma mikono yake ikiwa bado palepale, mpaka daktari akamwambia, "Afande, tuachie sasa, ni wetu." Yule mwanamke amepona. Ewoi amemwona juzi dukani kwake, anachechemea kidogo, anabishana na mteja kuhusu sabuni.

Nilicheka. Kisha nikalia, na yeye akaniacha nilie, hakukimbia.

Nilipotulia akasema kwamba garini yule mwanamke alifumbua macho, akamuuliza kwa Kiarabu cha Juba, kisha kwa Kiswahili, nani amemruhusu kumshika hivyo. "Nikamwambia, mama yangu ndiye aliyeniruhusu."

Nikamuuliza ni mama yake yupi, yule aliye Lokori? Yeye amejuaje habari hizi?

Ewoi akatazama chai yake. Akasema, "Wewe."

Erupe, kulikuwa na swali nililokuwa nimemwekea mtu huyu tangu hospitalini. Kwa nini kichwa? Kwa nini ulimshika kichwa? Leo alikuwa mbele yangu, tuko wawili tu, na ningeweza kuliuliza. Sikuuliza, na sasa sitaliuliza tena. Alikushika pale alipojua kushika. Kama angejua mahali pengine, angeshika pale, nimeona kwa macho yangu namna anavyoshika. Nataka ulijue hilo, ikiwa hata wewe ulikuwa nalo swali.

Bahati amenitumia ujumbe. Kundi linalofuata ni la Lokori na Kalokol, na anauliza kama nitakubali kulala tena. Nimemjibu atafute mpishi wa kunisaidia kwenye chai, kwa sababu mimi nitakuwa chini nimeumia. Anasema sehemu nyingine wataanza kuiga, wawaombe akina mama waje. Jirani yetu amekwisha sema atakuja, ila anataka aumie mkono tu, hataki nguo yake ikatwe. Nitazungumza naye.

Nakuahidi hivi, mwanangu. Kila kundi litakalokuja nitalala pale, goti liume lisiume, mpaka kila askari wa huku awe amekata nguo ya mama mmoja bila kuona haya. Na Ewoi nitamlea. Ameniambia atakuja mwisho wa mwezi, na ameagiza nimpikie, kwa hiyo naona adabu imeanza kumwisha, na mimi nimefurahi.

Lala sasa. Umefanya kazi ya kutosha. Na huko uliko, usiache kunikumbuka.

Mama yako,
Nakiru